Nasaba ya Nguru: Vinasaba vya Samaki na Mipaka Isiyoonekana katika Bahari ya Sur

Neno vinasaba, ambalo Kiswahili cha sayansi hulitumia kwa chembe za urithi zilizomo ndani ya mwili wa kila kiumbe, limezaliwa na neno nasaba, na uzao huo una manufaa kwa mada ya mhadhara huu, kwa sababu katika miji ya Ibra, Nizwa na Sur nchini Omani, ambako familia nyingi zenye matawi Unguja, Pemba na Mombasa bado huzungumza Kiswahili nyumbani, nasaba ni elimu inayotunzwa kwa bidii: watu hujua babu wa babu yao alitoka mtaa gani, nani aliolewa wapi, na tawi gani la ukoo lilivuka bahari likabaki ng'ambo. Swali ambalo wataalamu wa jenetiki, yaani elimu ya urithi wa viumbe, huwaelekezea samaki ni hilohilo. Samaki anayeshushwa asubuhi katika ufuo wa Sur ni mtoto wa nani, ndugu zake wanaogelea wapi, na je, ukoo wake ni mmoja na ule wa samaki wa Masira, wa Bandar Abbas au wa Lamu, au ni ukoo mwingine uliojitenga zamani ingawa kwa sura hawapambanuliki?

Samaki anayefuatwa hapa ni nguru, ambaye kitabu cha sayansi humwita Scomberomorus commerson na Waomani humwita kan'ad, jina ambalo Waswahili nao wanalo kwa sura ya kanadi, ingawa katika pwani ya Afrika Mashariki jina hilo mara nyingi humtaja binamu yake wa karibu. Mwili wake ni mrefu na umebanwa ubavuni, mgongo ni wa buluu iliyokolea, na ubavu wa rangi ya fedha umepigwa mistari myembamba ya wima inayopindapinda, mingi na iliyosongamana zaidi kadiri samaki anavyokua. Huweza kupita urefu wa mita 2 na kufikia uzito wa kilo 70, na maskani yake ni mapana kupita kiasi: kutoka Bahari ya Shamu na Afrika Kusini, kupitia Uarabuni na Bara Hindi, hadi Australia na Fiji. Katika Sur, Al Ashkharah na Masira huvuliwa kwa jarife linaloachwa lielee usiku na kwa mshipi wa kurambaza, na kwa karne nyingi samaki wa pwani hii, kwa kutiwa chumvi au kukaushwa, amepanda kwa misafara ya ngamia hadi Ibra na Nizwa, miji ambayo haioni bahari lakini haijawahi kuishi bila chakula chake.

Sababu ya kumchagua nguru si ladha yake peke yake. Mwaka 1988 wavuvi wa Omani walivua takriban tani 28,000 za samaki huyu, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mavuno ya mwaka yalikuwa yameporomoka hadi karibu moja ya kumi ya kiasi hicho. Anguko la namna hiyo, ndani ya muda usiotosha mtoto kukua na kuwa mtu mzima, lililazimisha swali la vitendo ambalo haliwezi kujibiwa kwa kuhesabu samaki sokoni: samaki waliopotea walikuwa wa Omani, kwa maana ya kuzaliwa na kuzaa katika maji ya Omani, au walikuwa sehemu ya kundi kubwa linalozunguka bahari zote za jirani na kuvuliwa na mataifa mengi kwa pamoja? Jibu la kwanza humpa mzigo mvuvi wa Sur na serikali yake. Jibu la pili huugawa mzigo huo kati ya Omani, Iran, Pakistan, Falme za Kiarabu na wengineo.

Hapo ndipo vinasaba vinapoingia. Kila kiumbe hurithi maandishi ya kikemikali yanayoitwa DNA, marefu mno, yenye herufi nne tu zinazorudiwa kwa mpangilio mbalimbali, na kila maandishi hayo yanaponakiliwa ili kupitishwa kwa mtoto, mara chache herufi moja hukosewa. Kosa hilo, likiwa halimdhuru mwenyewe, hubaki katika ukoo na kupitishwa kizazi kwa kizazi, kwa hiyo makundi mawili ya samaki yasiyooana kwa muda mrefu hukusanya makosa tofauti, kama nakala mbili za kitabu kimoja zinazonakiliwa katika miji miwili na waandishi wasioonana. Wingi wa namna mbalimbali za maandishi ndani ya kundi moja ndio huitwa utofauti wa kijenetiki, na jinsi namna hizo zilivyogawanyika kati ya mahali na mahali ndiyo muundo wa makundi ya spishi. Watafiti wengi huanza na sehemu ndogo ya DNA iliyomo katika mitokondria, vijumba vya kuzalishia nguvu ndani ya seli, kwa sababu sehemu hiyo hupitishwa na mama peke yake, haichanganyiki na ya baba, na hubadilika upesi; kwa maneno mengine, ni nasaba ya upande wa kuukeni iliyoandikwa bila kukatika.

Kazi yenyewe huanza kwa kitu kidogo sana. Pale samaki wanaposhushwa ufuoni, kabla mnunuzi hajawabeba, hukatwa kipande cha pezi kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, kikatumbukizwa katika kichupa cha alkoholi chenye namba, na kando ya namba huandikwa urefu wa samaki, mahali na tarehe, na samaki huuzwa kama kawaida kwa sababu hakupungukiwa na chochote kinachomhusu mlaji. Maabarani kipande hicho huyeyushwa, DNA hutolewa, na sehemu inayotakiwa hunakiliwa mamilioni ya mara kwa mashine inayopandisha na kushusha joto kwa zamu. Kisha nakala hukatwa kwa vimeng'enya, yaani protini zinazotambua mfuatano fulani wa herufi na kuukata hapo tu, na vipande hupitishwa katika jeli yenye mkondo wa umeme, ambamo vifupi hukimbia na virefu hubaki nyuma, hata mwishoni kila samaki akaacha safu yake ya mistari. Samaki wawili wenye safu sawa wana maandishi yanayofanana mahali pa kukatwa, na wenye safu tofauti wametofautiana angalau kwa herufi moja. Siku hizi herufi husomwa moja kwa moja na kwa wingi mkubwa zaidi, lakini mantiki haijabadilika.

Kwa njia hiyo ya mistari, mwaka 2006 John Hoolihan, P. Anandh na Lynne van Herwerden walichapisha uchunguzi wa nguru waliokusanywa katika Ghuba ya Uarabuni, Ghuba ya Omani na Bahari ya Uarabuni, na matokeo yao yalielekea upande mmoja: hapakuonekana mpaka wa kijenetiki kati ya sehemu hizo, na maji yote matatu yalionyesha fungu moja. Mwaka huohuo van Herwerden, akiwa na wenzake waliofanya kazi pamoja na wataalamu wa Omani, alichapisha alama nyingine za urithi zinazoitwa mikrosatelaiti, yaani vijisehemu vya DNA ambamo silabi fupi hujirudia mara nyingi na idadi ya marudio hutofautiana sana kati ya samaki na samaki, zikitengenezwa makusudi kwa ajili ya nguru wa Rasi ya Uarabuni.

Ufanano huo una historia ndefu kuliko uvuvi. Ghuba ya Uarabuni ina kina cha wastani cha takriban mita 35 tu, na katika kilele cha zama za barafu zilizopita, yapata miaka 20,000 nyuma, wakati maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda na usawa wa bahari ulikuwa chini kwa takriban mita 120, Ghuba hiyo haikuwa bahari kabisa bali bonde kavu lililopitiwa na mto. Maji yalianza kuingia tena kupitia Mlango wa Hormuz kadiri barafu ilivyoyeyuka, na kujaa kwake kulichukua maelfu ya miaka. Kwa hiyo samaki wote wa Ghuba ni wazao wa wahamiaji waliotoka nje, na nje hiyo ni Ghuba ya Omani na Bahari ya Uarabuni, maji ambayo Sur imekaa mlangoni mwake. Kwa saa ya vinasaba muda huo ni mfupi, na ingeshangaza kama nguru wa ndani wangekuwa wamekwisha kuwa ukoo mwingine, hasa kwa samaki anayeogelea mbali na ambaye mayai yake huelea juu ya maji na kuchukuliwa na mikondo.

Ulinganisho ulio karibu zaidi na wakazi wa Ad Dakhiliyah, mkoa wa Nizwa, unaonyesha upande wa pili wa sheria ileile. Chini ya Jabal Akhdar, karibu na Al Hamra na si mbali na Nizwa, kuna pango la Al Hoota, lililofunguliwa kwa wageni mwaka 2006, na ndani ya maji yake ya giza huishi samaki mdogo wa jamii ya Garra, mwenye ngozi isiyo na rangi ambayo damu huonekana kwa waridi chini yake. Mtoto wake huanguliwa akiwa na macho. Kadiri anavyokua macho hayo hudidimia na kufunikwa na ngozi, mpaka samaki mzima akabaki kipofu katika mahali ambapo kuona hakumfaidishi kitu. Mwaka 2011 watafiti kutoka Vienna, wakiongozwa na Luise Kruckenhauser, walichapisha ulinganisho wa vinasaba vya samaki huyo na jamaa zake wa mabondeni wenye macho, wakaonyesha kwamba samaki wa pangoni wamejipambanua, na mwaka 2020 samaki wa mabonde ya milima ya Hajar, ambao kwa miongo mingi walihesabiwa kuwa spishi moja, waligawanywa upya, na spishi mbili ambazo hazikuwa na jina, Garra gallagheri na Garra shamal, zikaandikwa kwa mara ya kwanza. Mlima mmoja au ukingo mmoja wa mawe kati ya wadi na wadi umetosha kutenga ukoo na ukoo, ilhali mamia ya kilomita za maji ya wazi hayakutosha kumtenga nguru na nguru. Ni jambo la kuheshimiwa kwamba eneo hili dogo la dunia limeweka mifano hiyo miwili karibu hivyo, mmoja mlimani na mwingine ufuoni.

Hata hivyo hapa ndipo panapohitaji uangalifu mkubwa kuliko mahali pengine pote katika mada hii, kwa sababu matokeo ya mwaka 2006 yanaweza kusomwa kwa namna mbili, na moja ya namna hizo ni ya hatari. Sewall Wright, mmoja wa waasisi wa jenetiki ya makundi, alionyesha kwa hesabu, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1931, kwamba uhamiaji mdogo sana hutosha kuzuia makundi mawili yasitengane kwa vinasaba, na kanuni iliyotokana na hesabu hiyo hufundishwa mpaka leo kwa maneno mepesi: mhamiaji mmoja anayezaa katika kila kizazi anatosha. La kushangaza zaidi ni kwamba ukubwa wa makundi hauathiri kanuni hiyo. Na uchukuliwe mfano wa kubuni tu, wa nguru 100,000 wanaozaa upande wa Sur na wengine 100,000 upande wa pili wa Ghuba, na kwamba kila kizazi samaki kumi huvuka na kuzaa ng'ambo. Maabarani makundi hayo yangeonekana ukoo mmoja, bila ufa wowote. Lakini kama wavuvi wa Sur wangelimaliza kundi lao, samaki kumi kwa kizazi wasingeijaza bahari hiyo tena katika maisha ya mvuvi yeyote aliye hai, wala ya mwanawe.

Kwa sababu hiyo, maneno "ukoo mmoja" katika kinywa cha mtaalamu wa jenetiki hayana maana sawa na maneno hayohayo katika kinywa cha msimamizi wa uvuvi. La kwanza husema kwamba kumekuwa na kuoana kwa kiasi fulani, hata kidogo, kwa maelfu ya miaka. La pili hudai kwamba samaki anayevuliwa hapa mwaka huu atafidiwa na samaki wa kule mwaka ujao. Kulichukua la kwanza kama ushahidi wa la pili ni kosa, na ni kosa lenye gharama, kwani humwondolea kila mmoja wajibu wa maji yaliyo mbele ya nyumba yake. Familia za Ibra zinalijua jambo hili bila ya kufundishwa: tawi la ukoo lililoko Unguja ni damu moja na lililoko Ibra, harusi moja katika kila kizazi imetosha kuufanya undugu ubaki hai, na bado hakuna aliyewahi kudhani kwamba shamba la mitende la Ibra litamwagiliwa na watu wa Unguja.

Omani imechukua njia ya kulinda maji yake huku ikizungumza na majirani. Kila mwaka, kuanzia tarehe 15 Agosti hadi tarehe 15 Oktoba, uvuvi na biashara ya nguru hupigwa marufuku, na anayeingia katika soko la samaki la Sur katika miezi hiyo hukuta meza zimejaa jodari, changu na dagaa, na nafasi ya nguru iko tupu. Katika ngazi ya bahari nzima, Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Ushelisheli na ambayo Omani, Kenya na Tanzania ni wanachama wake, humpima nguru wa Bahari ya Hindi kama fungu moja, si kwa sababu umoja huo umethibitishwa bali kwa sababu takwimu za kumgawa ni haba, na tathmini zake zimemhesabu kuwa amevuliwa kupita kiasi.

Kuna hasara nyingine, iliyo kimya zaidi. Kundi linapopungua, utofauti wa kijenetiki haupotei siku hiyohiyo, na kasi ya kupotea kwake hutegemea idadi ya samaki wanaofanikiwa kuzaa, ambayo kwa samaki wa bahari wanaotaga mayai mengi mno huwa ndogo sana kuliko idadi ya walio hai, kwani katika msimu mmoja mayai ya majike wachache huweza kuangukia maji mazuri na ya maelfu ya wengine yakaangamia yote. Namna za maandishi zinazotangulia kupotea ni zile adimu, zinazobebwa na samaki mmoja mmoja, na kutoweka kwake hakuonekani kwa macho wala hakupunguzi uzito wa samaki sokoni. Malin Pinsky na Stephen Palumbi, katika uchambuzi waliouchapisha mwaka 2014 na uliokusanya data za spishi 140 za samaki, walikuta kwamba idadi ya namna hizo ilikuwa chini kwa wastani wa asilimia 12 katika makundi yaliyovuliwa kupita kiasi, ilhali kipimo kingine, kinachotazama ni samaki wangapi wamerithi namna mbili tofauti kwa mama na kwa baba, kilikuwa chini kwa asilimia 2 tu. Pengo kati ya vipimo hivyo viwili ndilo linaloeleza mambo: vya kawaida hubaki, vya nadra huondoka, na haijulikani mapema ni kipi kati ya vya nadra kingehitajika maji yanapobadilika joto.

Na maji ya Sharqiyah, eneo la Sur, hubadilika kwa ukali usio wa kawaida. Ras al Hadd, ncha ya mashariki mwa Rasi ya Uarabuni, hugawa Ghuba ya Omani yenye joto na Bahari ya Uarabuni, ambamo upepo wa kusi, uleule uliozirudisha jahazi za Sur kutoka Afrika Mashariki, husukuma maji ya juu mbali na pwani na kuyapandisha ya chini, baridi na yenye rutuba. Katika umbali wa safari ya siku moja ya mashua, samaki huweza kupita kutoka bahari moja hadi nyingine. Utafiti wa kamba koche wa Omani, uliochapishwa mwaka 2018 kwa kusoma maelfu ya herufi za DNA zilizotawanyika katika urithi wake wote, ulikuta mambo mawili kwa pamoja: kuoana kwingi kando ya pwani nzima, na hata hivyo dalili kwamba sehemu chache za urithi zimechaguliwa kulingana na mazingira ya mahali. Kwa maana hiyo ukoo unaweza kuwa mmoja kwa jumla na bado ukawa na hazina za mahali, na uchunguzi wa sehemu moja ya mitokondria, kama ule wa nguru wa mwaka 2006, usingeweza kuziona.

Mipaka ya mbali nayo ipo. Cécile Fauvelot na Philippe Borsa walionyesha mwaka 2011 kwamba nguru, akitazamwa katika upana wa maskani yake hadi Pasifiki ya magharibi, amegawanyika kwa vinasaba, licha ya nguvu zake za kuogelea. Mfano wa mnyama mwingine huonya zaidi: nyangumi wa nundu wa Bahari ya Uarabuni, wanaoonekana katika maji ya Omani mwaka mzima, waligunduliwa kwa vinasaba mwaka 2014 kuwa wamejitenga na wenzao wa kusini mwa Bahari ya Hindi kwa takriban miaka 70,000, na hawafiki mia moja, ijapokuwa kwa mwili wa namna hiyo safari ya kwenda Zanzibar si kitu. Uwezo wa kusafiri si sawa na kusafiri.

Swali lililobaki wazi, la samaki wangapi huvuka na si la kama wamewahi kuvuka, linazo njia zake, na njia inayofaa zaidi hutumia nasaba kwa maana yake ya nyumbani kabisa. Badala ya kulinganisha kundi na kundi, vipande vya mapezi vya samaki wengi wazima na wengi wachanga husomwa kwa ukamilifu unaotosha kumtambua mzazi na mwanawe, na kutokana na mara ngapi wawili hao hupatikana katika sampuli, idadi ya wazazi walioko baharini hukadiriwa bila kutegemea takwimu za mavuno. Hivyo ndivyo ilivyofanywa kwa jodari wa kusini, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2016. Kwa nguru ingehitajika kukata mapezi kwa miaka kadhaa katika Sur, Al Ashkharah na Masira, na wakati huohuo Bandar Abbas, Gwadar, Lamu, Mombasa na Unguja, kwa namba za vichupa zinazofuata utaratibu mmoja. Nguru mchanga aliyeshushwa Masira ambaye mama yake alikatwa pezi Lamu angetosha kubadili mazungumzo ya mataifa mawili. Na kama katika maelfu ya samaki jozi ya namna hiyo isingepatikana hata moja, ilhali jozi za Masira na Sur zikawa nyingi, basi wavuvi wa Sharqiyah wangejua, kwa hesabu na si kwa kukisia, kwamba samaki walio mbele yao ni wao wenyewe wa kuwatunza.